Piza ya kulungu wa Maui: tanuri huoka mkate, nyama ni kazi yako

Kisiwa cha Maui, Hawaii, kimezidiwa na kulungu. Si wenyeji wa huko. Hawa ni kulungu wa madoa, axis, ambao asili yao ni India na Sri Lanka, na wale wa kwanza waliletwa Hawaii kutoka Hong Kong miaka ya 1860, zawadi kwa mfalme Kamehameha V. Walianzia kisiwa cha Molokaʻi, wakapelekwa kisiwa cha Lānaʻi mwaka 1920 na Maui mwaka 1959. Kwao India kuna chui na chui milia wa kuwapunguza. Maui hakuna, kwa hiyo wanamaliza malisho ya ng'ombe, wanavamia mashamba ya mboga na kutafuna miche ya msitu mpaka udongo unabaki wazi na mvua inaubeba kwenda kwenye matumbawe. Kwa mwenye gari la kuuzia piza pale, kulungu ndiye nyama yenye mantiki kuliko zote: yupo, ni mtamu, na kila anayeliwa ni nafuu kwa mkulima.

Ila kumweka juu ya piza si rahisi kama kumwaga salami. Tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 400 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi) linamaliza piza kwa sekunde 90. Muda huo unatosha kuoka mkate na kuyeyusha jibini, basi. Hautoshi kuivisha nyama mbichi, na unatosha kabisa kuikausha nyama isiyo na mafuta. Nyama ya kulungu haina mafuta ndani yake. Kwa hiyo nyama iingie tanurini ikiwa imeshaiva, imeshaongezwa mafuta, na kazi ya moto iwe kuipasha tu. Magari mengi yanayojaribu nyamapori yanakosea hapa: wanaipa piza kazi ya jiko.

Kwanza, nyama inayouzika

Kulungu aliyepigwa na rafiki yako wikiendi haruhusiwi kuuzwa, hata awe safi namna gani. Nyama ya kulungu inayouzwa kwa wateja lazima iwe imepitia ukaguzi. Maui hilo linawezekana kwa sababu mkaguzi wa serikali huandamana na wawindaji usiku hadi porini, na mnyama huchunwa kwenye kituo kinachohamishika. Kampuni ya Maui Nui Venison ndiyo inayojulikana zaidi kwa utaratibu huo. Nunua nyama yenye muhuri na utunze risiti pamoja na namba ya mzigo, maana maafisa wa afya wakija ndizo watakazouliza.

Nguruwe pori ni habari nyingine. Sheria ya Marekani inamhesabu pamoja na nguruwe wa kufugwa, kwa hiyo akaguliwe akiwa hai kabla ya kuchinjwa. Aliyepigwa risasi msituni hauziki. Wapo wanaomtega hai na kumpeleka machinjioni, lakini upatikanaji wake haueleweki, na menyu ya gari haiwezi kusimama juu ya kitu kisichoeleweka. Mweke kama piza ya siku akipatikana.

Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, huenda anashangaa jinsi nyamapori inavyouzwa barabarani. Wa Tanzania hatashangaa sana, kwa kuwa mabucha ya nyamapori yenye leseni yapo. Na msomaji wa pwani atauliza la uchinjaji: muhuri wa ukaguzi hausemi lolote kuhusu halali. Usiandike neno hilo ubaoni bila kujua nani alimpiga mnyama na namna gani, na hapo chini, penye mafuta ya nguruwe, weka ya ng'ombe.

Soseji isiyo na utumbo

Hii ndiyo nyama ya kila siku ya gari. Kwa kilo moja: gramu 700 za nyama ya kulungu (bega, shingo au mapaja ya nyuma), gramu 300 za mafuta magumu ya mgongo wa nguruwe au ya kidari cha ng'ombe, chumvi gramu 16, shamari iliyokaangwa kidogo na kusagwa gramu 4, pilipili manga gramu 3, kitunguu saumu gramu 10, na maji ya barafu mililita 60.

Kabla ya kusaga, toa ule utando mweupe unaong'aa juu ya misuli. Haulainiki. Unazunguka kwenye kisu cha mashine, unaziba matundu, na nyama inaanza kutoka kama uji badala ya nyuzi. Toa pia mafuta ya kulungu mwenyewe, yale meupe ya nje. Axis ana ladha ya upole, hana ule ukali ambao watu wanauogopa kwenye nyamapori, lakini mafuta yake yanaganda upesi. Piza ikikaa dakika tano ndani ya boksi, mteja anauma kipande na kuhisi utando kama wa nta umeshika juu ya kaakaa. Analaumu nyama, kumbe ni shahamu uliyoiacha. Mafuta ya nguruwe yanayeyuka kwenye joto la chini zaidi, ndiyo sababu yanapendelewa. Ya kidari cha ng'ombe yanafaa, ila piza iliwe ya moto.

Nyama, mafuta, kisu na sahani ya mashine vyote viwe baridi, chini ya nyuzi 4. Mafuta yakipata joto yanapakaa badala ya kukatika, na yakifika jikoni yanachuruzika yote na kukuachia chembe kavu kama mchanga. Saga mara moja kwa sahani ya milimita 6, changanya kwa mkono pamoja na chumvi na maji ya barafu mpaka mchanganyiko ushike kiganja ukikigeuza chini. Tandaza kwenye trei kwa unene wa sentimita moja na nusu, oka kwenye nyuzi 180 mpaka katikati pafike 71. Nyama ya kusaga haina mjadala kwenye namba hiyo. Ipoe, imenye kwa vidole vipande vya ukubwa wa njugu mawe, kisha rudisha mafuta yote yaliyobaki kwenye trei na uchanganye. Kwenye friji ikae siku tatu, si zaidi.

Piza ya sentimita 30 inachukua gramu 70 hadi 80. Nusu iweke chini ya jibini na nusu juu. Ukiweka yote juu, moto wa kuba la tanuri unaibabua kabla jibini halijachemka. Ukiweka yote chini, mteja haioni na anadhani amepunjwa.

Bega la kubanika

Bega lenye mfupa la kilo 2.5 lipake chumvi asilimia 1.5 ya uzito wake, lilale kwenye friji. Kesho yake libanike kwa moshi saa mbili kwenye nyuzi 110, halafu lifunike kwenye sufuria pamoja na nusu lita ya supu, tangawizi na vitunguu, oveni iwe 140. Litoke pale mfupa unapochomoka wenyewe. Kipimajoto kitaonyesha 93 hadi 95. Hesabu saa nne mpaka tano kwa jumla. Anayeishia nyuzi 80 atakuta nyama imeiva, lakini ngumu na kavu, kwa sababu kano bado hazijayeyuka huku maji yameshatoka. Hapo dawa ni kuendelea, si kuacha.

Ichambue ingali moto ndani ya supu yake, chemsha supu ipungue mpaka iipake nyama bila kubaki dimbwi, ongeza gramu 50 za mafuta kwa kila kilo. Bila hatua hii nyuzi za nyama zinageuka majani makavu ndani ya tanuri.

Kuni za moshi ni kiawe. Mkenya wa Baringo au Turkana angeitazama akasema ni mathenge, na asingekuwa mbali: ni ndugu wa ukoo mmoja, Prosopis, iliyoingizwa Hawaii mwaka 1828 na kusambaa upande mkavu wa visiwa, miiba na vyote. (Usiegeshe gari chini yake. Miiba hiyo inatoboa matairi.) Ni kuni nzito, zinatoa joto kali na makaa ya kudumu. Kwa tanuri la piza hakuna bora zaidi. Kwa kubanika, ziwe chache na zikauke vizuri, unyevu chini ya asilimia 20, na tundu la hewa libaki wazi. Moshi mweupe mzito wa kiawe unaacha uchungu ambao hata nanasi haliufichi.

Piza ya majani ya magimbi na tui

Tukiambiwa tuache piza moja tu kwenye ubao, ni hii. Haina nyanya. Chini ni majani ya magimbi, yanayoitwa lūʻau kule, yaliyopikwa kwa tui la nazi. Juu bega la kubanika, kitunguu cha Maui na mozzarella. Ni chakula cha Hawaii chenyewe kilichopanda juu ya mkate. Ile piza ya nanasi inayoitwa ya Hawaii ilibuniwa Kanada, Ontario, mwaka 1962, na Sam Panopoulos, mzaliwa wa Ugiriki.

Wapikaji wa magimbi wanajua jani bichi linavyowasha koo. Sababu ni fuwele za kalisi oksaleti, ndogo na kali kama sindano. Dakika kumi za mchicha hazitoshi. Kilo moja ya majani, toa mashina na mishipa minene, chemsha dakika 45, mwaga maji, weka mengine, chemsha tena nusu saa au zaidi. Onja kijiko kimoja kisha subiri dakika tano kabla ya kuamua, kwa sababu muwasho unakuja kwa kuchelewa. Ukiusikia hata kidogo, rudisha motoni. Wateja arobaini wanaokwaruza koo mbele ya dirisha lako ni biashara iliyokwisha.

Kamua mpaka ubaki na kama gramu 500. Pembeni chemsha mililita 400 za tui zito zipungue hadi 200. Tui likienda tanurini bila kupunguzwa linakatika, mafuta yanajitenga, na piza inaogelea. Hata lililopunguzwa linahitaji kitu cha kulishika. Wengine hutumia unga wa mahindi mwororo, sisi tunapenda shelisheli: gramu 80 za shelisheli pevu lililochemshwa na kupondwa, pamoja na chumvi gramu 6, changanya yote. Kule huitwa ʻulu, na linashika tui vizuri bila kuleta ladha ya gundi. Paka gramu 80 kwa piza, ukiacha ukingo wa sentimita mbili. Jibini lipungue, gramu 60 badala ya 85 za kawaida, maana tui tayari ni zito.

Piza ikitoka, nyunyiza chumvi nyekundu ya ʻalaea, ile iliyochanganywa na udongo wa volkano. Kidogo. Chembe zake ni kubwa na haziyeyuki haraka.

Maji ni adui

Viungo vya kisiwani karibu vyote vina maji, na maji kwenye piza ya sekunde 90 hayana pa kwenda isipokuwa kwenye unga. Ukiona katikati pana utelezi, mara nyingi kosa si la tanuri.

Nanasi likatwe vipande vya sentimita moja, lichomwe kwenye trei nyuzi 220 kwa dakika 15. Linapoteza maji na utamu unakaza. Kuna faida ya pili: nanasi bichi lina bromelaini, kimeng'enya kinachomeng'enya protini. Anayelainisha mishkaki kwa papai bichi anakijua kitu cha namna hiyo. Ukichanganya nanasi bichi na kulungu mapema asubuhi, mchana unakuta nyama imekuwa laini kama pâté, ile nyama iliyopondwa ya kupaka mkate, na jibini lililokaa chini yake linalowana. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Nanasi la kopo nalo halina tatizo hilo, ila kutumia la kopo Maui ni aibu.

Kitunguu cha Maui, kinacholimwa miteremko ya mlima Haleakalā, ni kitamu kwa sababu hakina ukali mwingi na kina maji mengi. Maji hayohayo yanakifanya kioze upesi. Nunua cha siku chache. Kikate milimita mbili, nyunyiza chumvi gramu 5 kwa kilo, acha dakika 20, kamua.

Asali, sosi ya pesheni na makadamia vinakwenda juu ya piza baada ya kutoka. Sukari inaungua, na makadamia yana mafuta mengi kiasi kwamba yanakuwa meusi kabla ukingo haujapata rangi. Sosi ya pesheni: juisi mililita 250, sukari gramu 100, pilipili moja, chemsha ibaki kama mililita 180. Ukali wake ndio unaokata uzito wa nyama ya moshi. Bila kitu chenye ukakasi, piza ya kulungu inachosha kufikia kipande cha tatu.

Madonge kwenye joto la pwani

Kwa piza 60 za madonge ya gramu 260: unga wa ngano wenye protini asilimia 12 hadi 13, kilo 9.5, maji lita 5.9, chumvi gramu 250, hamira ya papo hapo gramu 12. Kanda, pumzisha nusu saa, gawa, viringisha, friji saa 24.

Tatizo la pwani ni joto. Donge litoke kwenye mashine likiwa nyuzi 24. Hesabu yake: 24 mara tatu ni 72, toa joto la unga (28), la chumba (30) na la msuguano wa mashine (kama 10), inabaki 4. Ndiyo joto la maji yako. Tumia maji ya friji, na sehemu yake iwe barafu iliyopondwa. Ukitumia maji ya bomba donge linapita nyuzi 30, linaumuka ndani ya sanduku kabla friji halijalipoza, na kesho yake linachanika ukilivuta na kubaki jeupe tanurini kwa sababu hamira imeshakula sukari yote.

Garini, toa masanduku kwenye friji kwa awamu, sanduku moja saa moja kabla ya kulitumia. Upepo wa pasati unaopita dirishani unakausha uso wa donge kwa dakika chache tu, kwa hiyo mfuniko usiache kurudi.

Unaweza kubadili asilimia 10 ya unga wa ngano kwa unga wa shelisheli. Ongeza maji kama asilimia 2. Ukipita 15, donge linakosa mvuto kwa kuwa shelisheli halina gluteni.

Tanuri juu ya magurudumu

Tanuri la matofali la kipenyo cha ndani cha mita moja hukaribia tani moja. Kwenye trela likae karibu na ekseli, mbele kidogo, ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iangukie kwenye ndoano. Likikaa nyuma, trela linayumba kwenye kona za mlimani. Matofali ya sakafu yasijengewe kwa saruji. Yapangwe makavu juu ya mchanga mwembamba, kwa sababu yanatanuka kwa joto na kutikiswa kwa barabara. Yaliyoshikwa kwa saruji yanapasuka. Kuba lifunikwe kwa blanketi la nyuzi za kuzuia joto, sentimita 8 hadi 10.

Washa saa mbili kabla ya kufungua dirisha. Usitazame moto, pima sakafu kwa kipimajoto cha kuelekeza: 380 hadi 420. Chini ya 350 mkate unakuwa mgumu kabla haujapata rangi. Juu ya 450 unga unaodondoka sakafuni unaungua na kuacha uchungu chini ya kila piza. Baada ya piza nne mfululizo mahali pamoja, sakafu imepoa. Hamisha sehemu ya kuokea au subiri dakika tatu. Watu watatu wenye mazoea (mmoja madonge, mmoja vipambo, mmoja moto) watatoa piza 35 hadi 45 kwa saa. Anayeahidi 80 amehesabu sekunde akasahau mikono.

Nyama baridi ikae nyuzi 5 au chini, ya moto 57 au juu. Bega likishatolewa kwenye friji lisirudi. Chukua kwa visanduku vya nusu kilo. Maafisa wa afya wanataka pia jiko la msaada nje ya gari, lenye kibali, maana kusaga nyama ndani ya gari hakukubaliki, na kuna kodi ya jumla ambayo Maui ni asilimia 4.5 tangu 2024, ikitozwa kwenye mauzo na si kwenye faida. Iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Fungia pia kichomeo cha gesi. Tangu moto ulioteketeza mji wa Lahaina, Maui, Agosti 2023, kisiwani hakuna anayechukulia cheche kwa mzaha, na siku ya tahadhari ya moto, upepo mkavu ukivuma, kuni zisiwashwe kabisa. Gesi itaivisha piza ileile, ukikosa harufu kidogo. Majivu ya kiawe yanaficha makaa hai kwa siku mbili na zaidi: yaende kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, isimame juu ya zege mbali na majani, na yasitupwe mpaka umeyachovya maji na kuyakoroga. Maji hayo yasimwagwe tanurini likiwa moto, hata kwa kuzima haraka. Tofali la sakafu litapasuka hapohapo.